Kivu: Rangi ya Bonane hubanduka kabla ya Pasaka, ukuta wenye maji ndio chanzo

Goma/Bukavu – Noeli inapokaribia, maduka ya vifaa vya ujenzi hujaa watu. Familia ambayo imeweka makuta kidogo kidogo mwaka mzima hununua ndoo ya rangi, hutafuta fundi wa siku mbili, na saloni hung'aa siku ya Bonane. Wageni husifu. Kiisha, kufikia Pasaka, rangi huanza kuvimba kama malengelenge, hubanduka vipande vipande chini ya dirisha, na alama nyeusi hurudi kwenye kona za chumba cha watoto.

Mara nyingi lawama humwangukia fundi, au huyo aliyeuza rangi. Ni kweli kwamba rangi mbaya zipo sokoni. Lakini mara nyingi shida ilikuwa ndani ya ukuta kabla ndoo haijafunguliwa: ukuta ulikuwa na maji. Kwa wakaaji wa Kivu jambo hili ni zito kuliko kwingine, kwani mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Kupaka rangi Desemba ni kuipaka wakati ambapo kuta zimelowa kuliko miezi mingine.

Haya ndiyo mambo ambayo yafaa kujulikana kabla ya kutoa dola hata moja.

Maji huingia kwa njia tatu

Njia ya kwanza ni juu. Manjanja yenye kutu au tundu la msumari uliolegea huacha maji yashuke taratibu ndani ya ukuta. Kwa Goma na vijiji vya jirani shida hii huongezeka sababu ya volkano: moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hufanya mvua iwe na asidi, na asidi hiyo hula manjanja upesi. Alama yake ni doa la rangi ya chai linaloanzia karibu na plafo na kushuka chini. Mwenye kupaka rangi juu ya doa hilo bila kupanda kwenye manjanja atalipia kazi mara mbili.

Njia ya pili ni chini. Udongo uliolowa hupandisha maji ndani ya matofali, kama vile kitambaa kinavyonyonya maji kikichovywa ncha moja. Doa hili huanzia sakafuni, hupanda hadi kwenye goti au kiunoni, na mara nyingi huacha unga mweupe kama chumvi. Bukavu, ambako nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko, ukuta wa nyuma mara nyingi umeegemea udongo wa kilima kabisa. Hapo dawa ni jembe: kuondoa udongo uliogusa ukuta, kuchimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua, na kuhakikisha maji ya manjanja hayamwagiki kwenye msingi wa nyumba.

Njia ya tatu ni ndani ya nyumba yenyewe. Watu sita wakilala chumba kimoja, madirisha yakifungwa, sufuria ikichemka na nguo zikianikwa ndani, mvuke wote hutafuta ukuta ulio baridi na kugeuka maji. Alama yake ni vidoti vyeusi nyuma ya kabati na kwenye kona. Hiyo ni kuvu, na kwa mtoto mwenye pumu ni adui. Kuta za mawe ya lava, ambazo ni nyingi Goma, hukaa baridi, na kabati ikigusa ukuta huo hewa haipiti. Kusogeza kabati sentimita 10 na kufungua dirisha kila asubuhi husaidia kuliko tabaka la tatu la rangi.

Kuna kipimo rahisi kisichogharimu kitu. Hukatwa kipande cha sashe ya plastiki isiyo na tundu, cha ukubwa wa daftari, na kubandikwa ukutani kwa sikochi pande zote nne. Huachwa siku nzima na usiku wake; siku mbili ni bora zaidi. Matone yakionekana upande wa plastiki unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakionekana upande wa nje, unaotazama chumba, ni mvuke wa nyumba. Plastiki ikibaki kavu pande zote mbili, kazi inaweza kuanza.

Ukuta mpya wa simenti nao una subira yake. Inafaa kungoja angalau majuma manne baada ya kupigwa lipu, na wakati wa mvua kungoja zaidi. Simenti ambayo haijakauka ina ukali unaoshambulia mafuta yaliyo ndani ya rangi ya mafuta na kuyageuza kitu kama sabuni. Ndiyo sababu rangi ya mafuta kwenye ukuta mpya hulainika, hunata na kuanguka.

Kazi ya mikono kabla ya rulo

Rangi hushika kitu kilicho chini yake. Kama chini kuna vumbi, hushika vumbi, na vumbi halishiki ukuta.

Jaribio la kwanza ni la kiganja: mkono ukipitishwa ukutani na kurudi mweupe, chokaa au rangi ya zamani imechakaa na lazima isuguliwe. Jaribio la pili ni la sikochi: kipande hubandikwa kwa nguvu juu ya rangi ya zamani, kisha huvutwa kwa ghafula. Kikirudi na rangi, rangi hiyo haiwezi kubeba nyingine juu yake. Inakwanguliwa hadi mahali pagumu.

Kuvu haifunikwi kwa rangi, inauawa kwanza. Kipimo kimoja cha javel kwa vipimo kumi vya maji kinatosha. Hupakwa, huachwa robo saa, husuguliwa kwa borosi ngumu, huoshwa kwa maji safi na ukuta huachwa ukauke kabisa. Madirisha yawe wazi na mikono ivalishwe glavu. Javel isichanganywe hata kidogo na siki, na asidi ya kusafishia choo, wala na dawa zenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha unaweza kuua.

Kuta za jikoni zenye masizi ya makaa huoshwa kwa maji moto na sabuni. Bila hivyo, doa la kahawia hupenya rangi ya maji na kutokea tena, hata baada ya tabaka tatu. Kama doa limekaa miaka mingi na halitoki, tabaka moja la rangi ya mafuta juu yake hulizuia, na rangi ya maji hufuata ikiisha kukauka.

Nyumba za mbao zina shida yao ya pekee. Wengi hupaka mbao mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini za magari, ili kuzuia mchwa na mvua. Mafuta hayo hufanya kazi kwa muda, lakini yana mabaki ya metali na kemikali zenye sumu, na rangi haishiki juu yake kamwe. Mwenye nyumba achague tangu mwanzo: mafuta kwa upande wa nje peke yake, au rangi. Ndani, mahali watoto wanapogusa na kulala, mafuta ya injini hayafai. Mbao iliyokwisha kuyanyonya haisafishiki. Njia iliyo salama ni kuifunika kwa triplex upande wa ndani na kupaka rangi kwenye triplex hiyo.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na sumu

Bukavu bado ina nyumba nyingi za wakati wa ukoloni, mji ulipoitwa Costermansville. Milango na madirisha ya nyumba kama hizo mara nyingi yana tabaka nyingi za rangi, moja juu ya nyingine. Zamani viwanda vilitia risasi ndani ya rangi ili ikauke upesi, idumu, na iwe na wekundu au manjano yanayong'aa. Hata leo, katika nchi ambazo hazidhibiti jambo hilo vizuri, rangi mpya ya mafuta yenye risasi huuzwa.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi ndani ya damu kinachojulikana kuwa salama. Sumu hii hushambulia ubongo wa mtoto: hupunguza akili, humfanya ashindwe kutulia na kujifunza. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, ambao hutambaa sakafuni na kutia mikono mdomoni, na wanawake wenye mimba. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, unashauri kwamba rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni.

Kwa hiyo rangi ya zamani haikwanguliwi ikiwa kavu, na haichomwi kwa moto ili ilainike. Inalowanishwa kwanza kwa maji ili vumbi lisiruke. Fundi afunge pua na mdomo, na watoto na mama mwenye mimba wakae kwa majirani siku hiyo. Plastiki hutandikwa chini, vipande vyote hukusanywa, na sakafu hupanguswa kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio. Vipande hivyo visitupwe kwenye shamba la mboga nyuma ya nyumba wala kutiwa kwenye moto wa kupikia. Nguo za kazi zifuliwe mbali na nguo za watoto.

Wakati wa kununua rangi mpya ya mafuta, hasa ya manjano, nyekundu, au ile nyekundu ya kuzuia kutu, ni vizuri kusoma maandishi ya ndoo na kutafuta maneno ya Kifaransa « sans plomb », yaani bila risasi. Ndoo isiyo na jina la kiwanda wala maandishi yoyote ni heri iachwe dukani, hata kama bei yake inavutia.

Rangi ipi, mahali gani

Rangi ya maji, ambayo mafundi huita lateksi, inafaa kwa kuta za ndani za vyumba na saloni. Hukauka upesi, harufu yake ni ndogo, na borosi huoshwa kwa maji tu. Rangi ya mafuta ni kwa milango, madirisha, vyuma, na sehemu ya jikoni inayooshwa mara kwa mara. Kuipaka rangi ya mafuta kwenye ukuta wenye maji ni kuufunga mdomo: maji hukosa njia ya kutoka, husukuma, na malengelenge huanza.

Kwa nyumba ya matofali mabichi au ya potopoto, na kwa ukuta ambao unyevu wake hauwezi kwisha mwaka huu, chokaa bado ni rafiki mkubwa. Bei yake ni ndogo, huacha ukuta upumue, na ukali wake huzuia kuvu. Chokaa hupakwa tofauti na rangi: ukuta hulowanishwa kidogo kwanza, chokaa hukorogwa iwe nyepesi kama maziwa, na hupakwa tabaka tatu au nne nyembamba, si moja nzito. Ikiwa mbichi huonekana kama haijashika. Inapokauka hugeuka nyeupe na kuwa ngumu, kwa sababu hunyonya hewa ya kaboni na kurudi kuwa aina ya jiwe. Ila haishiki juu ya rangi ya mafuta au lateksi, na chokaa isiyozimwa ikikutana na maji huchemka na inaweza kupofusha jicho. Watoto wasiikaribie, na mwenye kuipaka avae miwani.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Makuta mengi hupotea kwa sababu ya kununua kwa kukisia. Hesabu yenyewe si ngumu. Chumba cha mita 4 kwa 3 kina mzunguko wa mita 14. Kama kimo cha ukuta ni mita 2.5, kuta zote ni mita za mraba 35. Tukitoa mlango na dirisha, zinabaki karibu 32.

Kwenye ukuta laini, lita moja ya lateksi hufunika karibu mita za mraba 10 kwa tabaka moja. Tabaka mbili za chumba hicho zitahitaji lita 6 na nusu hivi. Lakini ukuta wa simenti yenye mchanga mkubwa hunywa rangi, na lita moja inaweza kufunika mita 6 peke yake. Hapo chumba hicho hicho kitakula karibu lita 11. Maana yake, ndoo ya lita 20 inaweza kumaliza vyumba vitatu vya ukuta laini, lakini haitoshi vyumba viwili vya ukuta wenye chembechembe. Kununua mastiki kidogo na kulainisha ukuta kwanza kunaweza kupunguza bei ya kazi nzima.

Kama ndoo mbili za rangi moja zimenunuliwa, zichanganywe ndani ya chombo kimoja kikubwa kabla ya kuanza. Ndoo mbili zenye jina moja la rangi zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana vizuri mchana katikati ya ukuta.

Kazi huanzia juu: plafo kwanza, kuta baadaye, milango na madirisha mwisho. Tabaka la kwanza huongezwa maji kidogo, kadiri ndoo inavyoelekeza, ili liingie ndani ya ukuta. Borosi hupitia kona na kando, kisha rulo hujaza katikati kabla kando hazijakauka. Kati ya tabaka mbili za lateksi hungojwa saa nne hivi, na siku za mvua zaidi. Kwa rangi ya mafuta hungojwa siku nzima. Anayeacha kazi jioni ili aendelee kesho anaweza kufunga borosi na rulo ndani ya sashe bila kuviosha. Asubuhi vitakuwa bado laini.

Papier peint: ukuta mmoja unatosha

Karatasi za ukutani, papier peint, pamoja na plastiki zenye gundi zinazoiga matofali au marumaru, zimeingia katika saloni nyingi za mjini. Huficha mikwaruzo na hubandikwa kwa siku moja. Lakini sheria ya maji ni kali kwao kuliko kwa rangi. Nyuma ya plastiki ukuta haupumui hata kidogo, na kuvu hukua pale bila kuonekana hadi harufu itokee. Kipimo cha sashe kinahitajika hapa kabla ya yote, na ukuta unaogusa udongo wa kilima usibandikwe.

Roli ya kawaida ya papier peint ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10. Kwa ukuta wa mita 2.5 kwenda juu, kila roli hutoa vipande vitatu, kwani lazima kuacha sentimita chache juu na chini za kukata. Ukuta mmoja wa mita 4 huhitaji vipande 8, yaani roli tatu. Roli zote ziwe na namba moja ya utengenezaji. Kipande cha kwanza ndicho kinachoongoza vingine vyote: uzi wenye jiwe dogo huning'inizwa toka juu, mstari huchorwa kwa kalamu, na kipande hufuata mstari huo. Kona za nyumba zetu mara chache zimenyooka, hivyo kuanzia kwenye kona bila mstari ni kupindisha ukuta mzima.

Katika nyumba za mbao, karatasi na plastiki zinabeba hatari nyingine. Huwaka upesi, na plastiki ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Wakaaji wa Kadutu, ambako nyumba za mbao zimesongamana, wanajua moto unavyoruka toka nyumba moja hadi nyingine. Karibu na jiko la makaa, mshumaa au nyaya za umeme zilizounganishwa ovyo, papier peint haifai.

Usiku wa kwanza

Goma inajua hatari ya hewa isiyoonekana. Mazuku, hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, imeua watu na mifugo. Chumba kilichopakwa rangi ya mafuta na kufungwa hakina mazuku, lakini mvuke wake huumiza kichwa, hutia kizunguzungu na kichefuchefu. Baadhi ya watu huleta jiko la makaa ndani ili rangi ikauke upesi. Hilo ni kosa kubwa mara mbili: makaa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini, na mvuke wa rangi iliyochanganywa na esansi unaweza kushika moto. Rangi hukaushwa na hewa inayopita, si na moto. Kwa rangi ya mafuta, ni vizuri kulala chumba kingine angalau siku mbili au tatu, madirisha yakiwa wazi mchana.

Kwa mpangaji kuna neno moja zaidi. Kabla ya kupaka rangi nyumba ya mtu, ni busara kuandikiana na mwenye nyumba nani analipa, na kama gharama itatolewa kwenye garanti au kwenye malipo ya mwezi. Kama maji yanaingia kupitia manjanja au msingi, hiyo ni kazi ya mwenye parseli, na ifanyike kwanza.

Wakati mzuri wa kupaka rangi katika Kivu ni kiangazi, toka Juni hadi Agosti, ukuta ukiwa umekaushwa na jua la majuma kadhaa. Kwa familia inayotaka saloni nzuri ya Bonane, rangi iliyopakwa Agosti bado itakuwa nzuri Desemba. Na kama makuta yamepatikana Desemba tu, inawezekana kutengeneza manjanja, kupaka chokaa kwenye kuta zenye unyevu, na kutia rangi ule ukuta mmoja ambao sashe yake imebaki kavu. Kuta nyingine zitapakwa kiangazi kikirudi.